Nyota ya Kuhama

Kutoka kwetu milimani Usambara mpaka Shinyanga nilitumia karibu mwaka mzima, ingawa mtu mwenye haraka angefika kwa wiki tatu. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na cheti cha sekondari, mashati mawili, na ugonjwa wa miguu ambao mama yangu aliuita uchawi: nikikaa mahali miezi michache naanza kuota barabara. Nilishuka mlima hadi Korogwe, nikafuata njia ya Handeni kwa miguu pamoja na watu waliokuwa wakiswaga ng'ombe kwenda Morogoro. Morogoro nikapanda gari la moshi. Kilosa nikashuka, nikaandika majina ya vibarua katika shamba la mkonge hadi harufu yake ikanikinaisha. Dodoma nikashuka tena, nikaugua homa, nikalazwa nyumbani kwa mzee mmoja wa Kigogo ambaye hakuniuliza natoka wapi. Tabora nilijifunza simu, ile ya kugonga kwa kidole, na nilipofaulu nikaulizwa nataka kwenda stesheni gani. Nikasema yoyote ambayo sijaiona.

Njia ya kaskazini ilikuwa bado mpya. Gari lilikwenda siku nzima katika nchi isiyo na kilima, mbuga na miti ya minyaa, minyaa na ng'ombe, na nilipofika Shinyanga jua lilikuwa linatua. Nikasimama jukwaani na sanduku langu. Kwetu mbingu ni kipande kati ya milima miwili, na nusu ya mwaka kipande hicho kimefunikwa na ukungu. Pale mbingu ilianza miguuni pangu. Niliiogopa kidogo, nikakumbuka nyumbani, na kwa mara ya kwanza nikatamani kuwa na mtu wa kuniambia ninachokiona kinaitwaje.

Mtu huyo nilimpata kwa sababu ya saa ya stesheni, iliyokuwa inakimbia dakika ishirini mbele. Nilitumwa niipeleke kwa fundi saa, nyuma ya soko. Alikuwa mzee wa pwani aliyeletwa bara akiwa mtoto, wakati wa misafara, na Kiswahili chake kilikuwa kimekaa miaka mingi jikoni pa Wasukuma bila kupoteza ladha. Juu ya meza yake lilining'inia bomba la shaba lililoviringishwa kanga. Nikauliza ni nini.

"Darubini," akasema bila kuinua macho. "Mpima ardhi wa Kijerumani aliniachia nimtunzie, vita vilipomkaribia. Namtunzia mpaka leo."

Aliitumia kutazama mwezi wa kufunga na mwezi wa kufungua, basi. Lakini jioni ile alinitolea uani, akaiweka juu ya miguu mitatu aliyoichonga mwenyewe, na nikauona mwezi una mashimo kama uji unaochemka. Kesho yake nilirudi. Kesho kutwa nilimkuta mwalimu wa shule ndogo ya mjini, Msumbwa aliyelelewa na mapadre wa Ushirombo, ambaye alikuja kurekebisha saa yake ya mfukoni na kubishana na fundi kuhusu jua. Tukawa watatu, na watu watatu wakikutana mara tatu wanaitwa chama.

Ni mwalimu aliyesema kwamba chama kisichofungua mlango ni ubinafsi. Kiangazi kilikuwa kimeingia, mbingu safi, na watu wengi walikuwa wakiingia mjini na pamba. Tukakubaliana kila Jumamosi, baada ya magharibi, kuitoa darubini kwenye uwanja wa nyuma ya soko ili kila mtu atazame. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo tangazo nililiandika mimi, nikalibandika ukutani: *Jumamosi baada ya magharibi, njooni kuangalia nyota. Bure.*

Walikuja wengi kuliko waliokuja kwenye ngoma ya beni. Fundi alikuwa hajamaliza kufungua kanga, mzee mmoja akajipenyeza mbele na kunyoosha kiganja.

"Anza na mimi. Ng'ombe wangu wanakufa. Tazama ni nani amenifunga."

"Mzee wangu," nikasema, "hapa tunatazama nyota za mbinguni."

"Na yangu iko wapi? Chini ya kitanda?"

Uwanja mzima ukacheka. Kijana mmoja wa beni akapaza sauti kutoka nyuma: "Mganga wa bure! Na dawa yake bure, na mazishi bure!"

Mwalimu akanigeukia. "Uliandika nini pale ukutani?"

"Kuangalia nyota."

"Kuangalia! Si ungeandika kutazama? Kuangalia nyota ni kazi ya waganga, hata mbuzi wa Ushirombo wanajua!"

Fundi hakukasirika. Alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akawaambia watu kwamba ya siri anayajua Mungu peke yake, na kwamba sisi hatuna dawa wala ramli, tuna kioo tu. Atakaye kuuona mwezi kwa karibu apange mstari. Wengine wakaondoka wakisonya. Waliobaki walipanga mstari, wakautazama, na bibi mmoja akapitisha mkono mbele ya bomba mara mbili ili ahakikishe hatukuchora picha ndani. Ilikuwa jioni nzuri. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba tulianza vizuri.

Mwishoni, watu walipopungua, akaja mama mmoja ambaye nilimjua sana. Alikuwa akiuza michembe pale stesheni, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kila siku ya gari. Gari likiondoka alikuja dirishani kwangu na ungo wake. "Kalani," aliniita, kwa ulimi wa Kisukuma, "simu ya mwanangu?" Mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu, kwanza Geita, halafu watu wakasema Nyarugusu, halafu watu hawakusema kitu. Mwaka mmoja na miezi. Kisha ikaja habari isiyo na mwenyewe kwamba shimo limeporomoka huko na kufukia watu wa Shinyanga. Mimi nilimwandikia kijana barua mbili, moja nikaituma na dereva wa lori, ya pili na mwingine. Hakuna jibu. Kila siku ya gari nilimwambia neno moja, nikimwita mama kwa Kisukuma: "Bado, mayu."

Yeye alikuwa mjane. Mdogo wa marehemu mumewe alikuwa akimshika kila siku: afanye matanga, anyoe nywele, mkwe wake arudi kwao akaolewe tena, nyumba ya kijana ibomolewe, mambo yaishe. Yeye alikataa. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaambiwa amekufa. Hilo ndilo alilokuwa akilishikilia, hakuna lingine.

Jioni ile alinitazama, akatazama darubini, akatabasamu kama mtu aliyeelewa jambo.

"Kumbe ndiyo maana umetuita huku, kalani. Simu imeshindwa."

"Hapana, mayu, hii ni..."

"Ya mwanangu ni ipi?"

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikusema sijui. Nadhani neno "bado" lilikuwa limenichosha mdomo. Na alikuwa amesimama vile, ungo umeshikwa kifuani kama mtoto. Nikanyoosha kidole magharibi, kwenye ile iliyo kubwa kuliko zote, ili asije akaipoteza.

"Ile."

"Inawaka?"

"Inawaka, mayu."

Akataka kuiona kwenye kioo. Nikaielekeza. Ilionekana kama nusu ya chapati, nyeupe, inatetemeka kidogo kwa joto la ardhi. Alikaa jichoni muda mrefu. Alipoinuka alifuta lile tundu la shaba kwa ncha ya kanga yake, maana alikuwa amelilowesha.

Tulipokuwa tunafunga vitu fundi akaniuliza, "Umempa ipi yule mama?"

"Ile kubwa."

"Zuhura?"

Nikaendelea kukunja ile miguu mitatu.

"Ile ni sayari," akasema. "Haikai. Miezi miwili, miwili na nusu, inaingia kwenye jua. Umempa mama wa watu nyota ya kuhama."

Nami nilijua. Hilo ndilo linaloniudhi. Shuleni niliulizwa katika mtihani, nikachora duara la Zuhura kuzunguka jua, nikapewa alama zote. Haikunijia kabisa kwamba lile duara kwenye karatasi na ile taa juu ya paa la soko ni kitu kimoja.

Aliyefaidi kwanza ni yule mama. Siku ya gari iliyofuata hakuja dirishani kuuliza simu. Alipita tu, akanitupia michembe miwili mitatu mezani, akasema, "Nimemwona jana. Yuko vizuri." Alianza kupaka mafuta. Akamwambia shemeji yake mbele ya watu sokoni kwamba kijana yu hai, kalani wa simu amempata, na asiyeamini akaulize. Shemeji akaja kuuliza. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, alinivulia kofia.

"Baba karani, ni kweli?"

Jukwaa lilikuwa limejaa watu, na yule mama alikuwa hatua kumi kutoka pale, amesimama wima.

"Tunaendelea kumtazama," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, akaenda zake.

Jumamosi ya tano au ya sita mama alitazama kwenye kioo, akakaa, akainuka pole pole. Ile nusu ya chapati ilikuwa imekuwa kipande, kama mwezi wa siku nne.

"Anakonda," akasema.

Fundi akanitazama. Mwalimu akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Ni kazi tu, mayu," nikasema. "Machimboni kuna kazi."

"Hawampi chakula."

Jumamosi iliyofuata alileta michembe kwenye kijifuko, akaniomba niitume Nyarugusu na madereva wangu. Niliipokea. Nilijua vizuri kwamba hakuna dereva aliyekuwa akimjua mwanawe, lakini niliipokea. Fundi alinishika mkono baada ya watu kuondoka, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Kesho unakwenda kwake. Unamwambia ulikosea. Unasema, mayu, mimi ni mtoto, nilisema uongo. Maneno matatu."

Nilikwenda Jumapili. Ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, boma la nyumba chache lililozungukwa na minyaa. Nilimkuta na mkwe wake, binti mwembamba mwenye aibu, wakipiga plasta ya samadi kwenye nyumba ya kijana, nyumba ndogo ya msonge yenye mlango mpya. "Mvua isimkute haijawa tayari," akaniambia. Wakanipa maziwa ya mgando, wakanikalisha kwenye kigoda chake yeye kijana. Nilikunywa maziwa. Nikasema nyumba ni nzuri. Nikaondoka.

Baada ya hapo Zuhura ikashuka haraka. Kila jioni ilikuwa chini zaidi, nyembamba zaidi, na siku moja haikuwapo. Jumamosi ile nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niwe kazini stesheni. Sina namna nzuri ya kulisema hilo. Nilikaa kwenye meza ya simu, hakuna simu iliyoingia, nikasikia kwa mbali watu wanacheka uwanjani kama kila Jumamosi.

Habari aliniletea mwalimu. Mama alikuja, akaitafuta, akauliza. Mwalimu akaona afadhali ukweli, akamweleza kwa Kisukuma chake cha Ushirombo, taratibu, kama alivyofundisha watoto: kwamba nyota ile haijafa, imekwenda upande wa jua, na baada ya siku chache itatokea tena, ila itatokea mashariki, alfajiri.

"Nilimwambia kweli tupu," mwalimu akasema. Alikuwa na jasho. "Akanishukuru. Akapiga magoti akanishukuru."

Fundi, aliyekuja naye, na ambaye alikuwa ameoa kwa Wasukuma na kuzaa huko, alimuuliza, "Ulimwambia mashariki?"

"Ndiyo. Ndiko itakakotokea."

"Wao wakiwatambikia wazee wao wanageukia wapi, mwalimu?"

Mwalimu alikaa chini kwenye sanduku la barua. Alikuwa amemwambia yule mama, kwa lugha yake mwenyewe, kwamba mwanawe amefika kwa wahenga.

Hapo ndipo nilipaswa kukimbia. Nilikwenda, nakiri, lakini nilikwenda siku ya pili, baada ya gari. Kutoka mbali nikasikia vilio. Alikuwa amekwisha kunyolewa. Wanawake wamejaa uani, shemeji amekaa na wazee wenzake, na paa la ile nyumba ya plasta mpya lilikuwa chini tayari. Nilimpigia magoti nikasema, mayu, nilikosea, ile si nyota ya mtu, ni ya mbinguni tu, huenda mwanao yu hai. Maneno yote ambayo fundi alinipa. Alinishika kichwa kwa mikono miwili.

"Usilie, kalani," akasema. "Umemtazama vizuri. Umemtazama mpaka mwisho."

Siku chache baadaye, nikiwa jukwaani alfajiri kungoja gari la mizigo, niliiona. Ilikuwa juu ya minyaa upande wa mashariki, kali kama ilivyokuwa. Nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Matanga yaliisha. Mkwe alirudishwa kwao, na kabla ya mvua za kwanza akaolewa upande wa Kahama. Mama alirudi stesheni na ungo wake, nywele zimeanza kuota, lakini hakuja dirishani tena. Hakuwa na la kuniuliza.

Mvua zilikuwa zimeshika vizuri asubuhi lilipofika gari la kutoka Mwanza, akashuka kijana mrefu mwenye sanduku la bati. Alikuja kwangu kutaka kujua kama barabara ya kijiji chao inapitika. Alipotaja kijiji nilimtazama usoni, na ulikuwa uso wa yule mama, paji lile lile.

"Shikamoo, mzee," akasema, ingawa tulikuwa rika moja. Ilikuwa sare yangu aliyoiamkia.

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Geita, Nyarugusu, kote. Sikupata kitu. Niliona aibu kurudi mikono mitupu, mzee. Sasa nimepata kidogo." Akagonga lile sanduku. "Mama yangu huuza michembe hapa. Leo hakuja?"

"Leo mvua," nikasema. "Barabara inapitika."

Na nikamwacha aende. Nilimtazama akivuka reli, sanduku kichwani, akiruka madimbwi kama mtoto.

Siku ya tatu alirudi. Hakuwa na sanduku. Alikaa kwenye benchi mpaka nikatoka.

"Mama aliponiona alikimbilia ndani," akasema, hakunitazama. "Nikaita. Nikasema, mayu, ni mimi. Baadaye akatoa mkono akaniwekea chakula kizingitini, na pombe kidogo kwenye kibuyu, akarudi nyuma. Kama wanavyowekewa wazee waliokufa. Siku tatu, mzee. Baba mdogo anasema wachinje kondoo, nisafishwe, niingizwe upya. Nimesema sawa. Lakini mama hatoki. Anasema asante, mwanangu, nimekuona, sasa rudi." Akakung'uta tope miguuni. "Na mke wangu wameshampeleka. Nani aliyemwambia mama kwamba nimekufa? Kila mtu anasema kalani. Kalani gani?"

"Ni mimi," nikasema.

Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige. Alinitazama tu, akatazama waya za simu juu ya kichwa changu, akacheka kwa sauti ndogo.

"Basi mpigie simu. Mwambie sijafa."

Kijiji kilikuwa mwendo wa saa moja kutoka pale, na hakuna waya uliokwenda huko. Gari la Mwanza likaja, akapanda.

Tuliendelea na Jumamosi chache kiangazi kilichofuata, kwa sababu mwalimu aliamini kwamba kuacha ni kukiri. Lakini watu waliokuja hawakutaka mwezi. Walikuja na majina ya waume na watoto waliokwenda machimboni, wanasubiri upande wangu wa mstari. Jioni moja fundi aliviringisha ile kanga, akalifunga bomba kwa kamba, fundo juu ya fundo, na hatukuitwa tena.

Niliomba kuacha kazi. Walinikubalia upesi, makarani wa simu walikuwa wameanza kuwa wengi. Siku niliyoondoka gari lilichelewa, na jua lilikuwa limezama lilipoingia. Fundi alinisindikiza, akanipa saa ya mfukoni aliyoitengeneza kwa vipande vya saa nyingine. Mwalimu alikuwa amehamishiwa Masumbwe.

Zuhura ilikuwa imerudi magharibi, juu ya paa la ghala la pamba, mahali pale pale. Yule mama alikuwa jukwaani na ungo wake, ameipa mgongo. Aliwahudumia abiria mmoja mmoja. Nilikuwa nimekwisha kupanda nikaona anakuja kwenye behewa langu, mkono mmoja juu ya ungo, nikadhani anakuja kuniaga. Alisimama chini ya dirisha kama alivyosimama mwaka ule wote wa kwanza.

"Kalani," akasema. "Simu ya mwanangu?"

Miezi mingi hakuwa ameniuliza hivyo. Ilinichukua muda kuelewa: kondoo au bila kondoo, huko ndani ya nyumba yake, bila kuambiwa na mtu, alikuwa amekwisha kujua kwamba aliyemwekea chakula kizingitini alikuwa mwanawe aliye hai, si mzimu.

"Bado, mayu," nikasema.

"Haya," akasema. "Nitakuja siku ya gari."

Hakujua kwamba naondoka. Sanduku langu lilikuwa miguuni, hakuliona. Gari likapiga honi, akarudi nyuma hatua mbili, akamgeukia abiria wa dirisha la pili na kumpimia michembe.